Buluu ya Mbung'o

Karibu kila picha ya seli inayozunguka mtandaoni ina buluu katikati. Unaijua hiyo picha: giza nyuma, nyuzi za kijani zimetandaa kama utando wa buibui, madoa mekundu yametapakaa kando, halafu katikati duara la buluu limetulia kama yai. Kijani na nyekundu hubadilika kazi kutoka picha moja hadi nyingine, kwa sababu kila mtafiti ana protini yake anayoifuatilia. Ile buluu haibadiliki. Ni kiini cha seli, mahali DNA inapokaa, na mara nyingi kilichokipaka rangi ni kemikali moja inayoitwa DAPI.

DAPI haikutengenezwa kwa ajili ya picha. Iliundwa Ujerumani mwaka wa 1971, katika maabara ya mkemia Otto Dann kule Erlangen, na kazi iliyokusudiwa ilikuwa kuua tripanosoma, vile vimelea vinavyobebwa na mbung'o na kuleta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Yaani buluu maarufu kuliko zote katika biolojia ilianza maisha kama dawa ya ugonjwa wa kwetu. Ikashindwa kazi hiyo, ikapata nyingine.

Nikisema "kwetu" sina maana ya Afrika nzima. Mimi ni mtu wa Sultan Hamud, ule mji wa barabarani ambapo Makueni inapakana na Kajiado, kama kilomita 110 ukitoka Nairobi kuelekea Mombasa. Siku hizi niko Nairobi, kwenye maabara yenye hadubini ya konfokali, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na wanafunzi kwenye chumba chenye giza tukijibu swali moja: nitumie rangi gani? Swali hilo lina jibu la kiufundi, na hilo nalifundisha kila wiki. Lina pia jibu la kihistoria, ambalo halimo kwenye ratiba ya mafunzo. Hili la pili ndilo limenileta hapa.

Maili 250

Reli ya Uganda ilipofika kwetu mwaka wa 1898, wahandisi walipaita mahali hapo Maili 250. Namba tu ya daftari. Wakamba na Wamaasai waliolisha mifugo sehemu hizo hawakuulizwa. Mwaka huohuo Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar akaja kuitembelea reli, na kituo kikapewa jina lake. Mgeni alipita tu, jina likabaki.

Hadithi ya reli tunayosimuliwa tangu shule ya msingi ni ya simba wa Tsavo. Lakini waliojenga walikuwa na maadui wadogo zaidi. Wa kwanza alikuwa mbu, na dawa ya malaria ya enzi hiyo ilikuwa kwinini, inayotokana na gome la mti wa msinkona. Wa pili alikuwa mbung'o. Kabla injini haijafika mbele, mizigo ilibebwa na wapagazi, ng'ombe, punda na nyumbu, na katika nyika ya Tsavo wanyama hao walikufa kwa wingi. Hakuna aliyekuwa na sindano ya kuwaokoa.

Wadudu wote wawili wana mkono katika historia ya rangi za hadubini. Tuanze na mbu.

Ukiwahi kuagiza tonic kwenye klabu yenye zile taa za zambarau, umeona glasi yako inavyong'aa buluu. Hiyo ni kwinini. Mwaka wa 1845 John Herschel wa Uingereza aliweka mmumunyo wa kwinini juani, akaona buluu nyembamba juu yake ilhali maji yenyewe hayana rangi. Mwaka wa 1852 George Stokes akaeleza kinachotokea: kwinini humeza mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni, halafu huutoa tena ukiwa na mawimbi marefu zaidi, buluu tunayoiona. Stokes ndiye aliyelipa jambo hilo jina la fluoresensi. Kila rangi ninayowapa wanafunzi inafanya kazi kwa sheria hiyohiyo: unaipiga kwa mwanga mmoja, inakujibu kwa mwanga mwingine, na jibu siku zote huwa na mawimbi marefu kuliko swali.

Kwinini ilikuwa na jambo la pili. Ilikuwa ghali, na milki za Ulaya ziliihitaji mno. Mwaka wa 1856 kijana wa miaka 18 huko London, William Perkin, alijaribu kuitengeneza kutokana na lami ya makaa ya mawe. Hakuipata. Alipata tope lililoacha zambarau kali kwenye kitambaa. Zambarau hiyo ikazaa viwanda vya rangi za kutengenezwa, na ndani ya miaka michache Ujerumani ilikuwa na kampuni kama Hoechst na Bayer, zote mbili za mwaka wa 1863, zikipika rangi za nguo. Kampuni hizo tunazijua leo kwa dawa. Walitoka vipi kwenye nguo hadi kwenye dawa? Hapo ndipo mbung'o anapoingia.

Panya wa Frankfurt, watu wa Ssese

Daktari Mjerumani Paul Ehrlich alikuwa mtu wa rangi tangu ujana. Aliona kwamba ukimimina rangi juu ya seli, haitapakai kila mahali. Moja inashika hapa, nyingine inashika pale. Akawaza: kama ipo rangi inayokishika kimelea na kumwacha mgonjwa, basi inaweza pia kubeba sumu hadi kwa kimelea huyo peke yake. Mwaka wa 1891 aliwajaribia wagonjwa wa malaria buluu ya methilini. Mwaka wa 1904, akishirikiana na Mjapani Kiyoshi Shiga, alipata rangi nyekundu iliyowaponya panya walioambukizwa tripanosoma. Wakaiita nyekundu ya tripani. Mwaka wa 1906 wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur, Paris, wakaja na buluu ya tripani.

Kwa nini tripanosoma, na si minyoo au kipindupindu? Kwa sababu miaka hiyohiyo watu walikuwa wakifa kandokando ya Ziwa Victoria. Mlipuko wa malale ulioanza karibu na mwaka wa 1900 huko Busoga uliua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda. Mwaka wa 1903 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza ambaye tayari alikuwa ameviona vimelea vya nagana kwenye ng'ombe wa Zululand, alifika Entebbe, na uhusiano wa tripanosoma, mbung'o na malale ukathibitishwa. Mwaka wa 1906 Robert Koch akapiga kambi kwenye visiwa vya Ssese na kuwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda. Wengine walipofuka.

Weka picha hizo mbili pamoja. Frankfurt na Paris walikuwa na panya na chupa za rangi. Ssese walikuwa na watu. Sayansi moja iliwaunganisha, na sehemu ya furaha yake ilibaki upande mmoja.

Rangi za tripani hazikuwa dawa nzuri kwa watu. Zilipaka ngozi, na nguvu yake ilikuwa ndogo. Lakini kutokana na ukoo wa buluu ya tripani, Bayer walitengeneza suramini mwaka wa 1916, dawa isiyo na rangi kabisa, ambayo imewatibu wagonjwa wa malale kwa zaidi ya miaka 100. Buluu ya tripani yenyewe ilikwenda maabara na haijatoka. Nenda leo kwenye maabara yoyote inayokuza seli, utaikuta kwenye rafu. Unaitia tone moja: seli iliyokufa inageuka buluu, iliyo hai inaikataa. Tunahesabu tukiendelea na kazi. Neno "tripani" liko kwenye kibandiko, tripanosoma mzima ndani ya jina, na wengi huisoma kila siku bila kuuliza jina limetoka wapi.

Nduguye ni akriflavini, rangi ya manjano iliyotengenezwa mwaka wa 1912 katika kazi hiyohiyo ya Ehrlich ya kuwinda tripanosoma. Ilipata umaarufu kama dawa ya kusafisha vidonda. Na kwa kuwa inang'ara vizuri, madaktari wameitumia kupaka ndani ya utumbo wakiupiga picha kwa konfokali ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya mrija.

Jinsi tunavyochagua

Nisimame hapa kidogo nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo historia hii itabaki orodha ya majina.

Hadubini ya konfokali hupiga seli kwa leza, nukta baada ya nukta. Mwanga unaorudi hupitishwa kwenye kitundu kidogo sana kinachozuia mwanga wa kutoka juu au chini ya pale unapotazama. Kwa hiyo unapata kipande chembamba cha seli, safi, badala ya ukungu wa seli nzima. Wazo hilo ni la Marvin Minsky, Mmarekani aliyeombea hataza mwaka wa 1957, kabla leza haijagunduliwa. Hadubini zenyewe zilianza kuenea miaka ya 1980.

Nyingi zina leza nne hivi: nanomita 405, 488, 561 na 640. Mwanafunzi akija na orodha ya rangi anazozipenda, namwambia aanze na leza tulizo nazo. Rangi isiyo na leza ya kuiamsha ni maji tu. DAPI hupenda 358, lakini 405 inatosha kuiamsha, na jibu lake liko karibu na 461, buluu. Fluoresini, iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka wa 1871, inakaa vizuri na 488 na kujibu kijani. Cy3 inachukua 561. Cy5 inachukua 640, na jibu lake liko mbali kwenye nyekundu kiasi kwamba jicho lako haliwezi kulitegemea. Linahitaji kigunduzi cha mashine.

Shida ni kwamba rangi hazina mipaka kama kaunti. Kila moja ina mkia. Mkia wa DAPI unafika hadi kwenye kijani, na usipokuwa mwangalifu utaona kijani ndani ya kiini na kutangaza kwamba protini yako imehamia huko, kumbe ni DAPI inavuja. Ndiyo maana tunapiga leza moja moja kwa zamu badala ya zote kwa pamoja, na kila jaribio lina slaidi zilizotiwa rangi moja pekee, ili tujue mkia wa kila rangi unaishia wapi. Halafu kuna suala la nguvu: rangi kali mpe protini iliyo adimu, rangi dhaifu iende kwa kitu kilichojaa tele. Watu wengi hufanya kinyume, wanampa aliyeshiba sahani kubwa.

Na kuna adui wa mwisho, seli yenyewe. Tishu huwa na mng'ao wake wa asili. Albert Coons wa Harvard aliliona hilo mapema. Mwaka wa 1941 yeye na wenzake walifunga rangi inayong'ara kwenye kingamwili, ili kingamwili ikishika kijidudu, waone mahali kilipo. Rangi yao ya kwanza ilijibu kwa buluu, na tishu nayo ilikuwa na buluu yake. Huwezi kutafuta buluu ndani ya buluu. Wakahamia fluoresini, kijani, na mbinu hiyo ikasimama. Kila kingamwili yenye rangi inayotumika leo, kuanzia vipimo vya hospitali hadi picha za rangi nne, inatokana na uamuzi huo.

Sasa utauliza: kama tishu ina buluu yake, mbona DAPI inatumika? Kwa sababu DAPI ina tabia ambayo rangi nyingi hazina. Ikielea peke yake kwenye maji inang'ara kidogo tu. Ikiingia kwenye mfereji mwembamba wa DNA na kushika, mng'ao wake hupanda kama mara 20. Inawaka palepale inapohitajika. Mwaka wa 1975 Williamson na Fennell, watafiti wa Uingereza, waliitumia kuona DNA ya mitokondria ya hamira, na kuanzia hapo milango ikafunguka.

Tabia hiyo ina uhusiano na kazi yake ya mwanzo. Otto Dann alikuwa akitafuta molekuli zitakazowaua tripanosoma. Zile herufi mbili za mwanzo, DA, zinasimama kwa diamidino, kikundi cha kemikali ambacho dawa nyingine za tripanosoma zinacho. Kilichoifanya ifae kwa picha ndicho kilichowekwa humo ili iue.

Nyekundu kwenye chupa

DAPI si ya kipekee. Ukitaka kuona DNA kwa rangi ya chungwa au nyekundu, jamaa wa zamani ni ethidiamu. Mtu yeyote aliyesoma biolojia chuo kikuu anaikumbuka: unaitia kwenye jeli, unawasha taa ya urujuanimno, DNA inatokea kama mistari ya chungwa. Na anakumbuka onyo: vaa glovu mbili, usiguse, usimwage kwenye sinki, hii kitu inaingia katikati ya ngazi za DNA.

Ethidiamu ni dawa ya ng'ombe. Mwaka wa 1952 Watkins na Woolfe, watafiti wa Uingereza, walichukua dawa ya nagana iliyokuwepo, dimidiamu, ambayo iliharibu maini ya mifugo, wakabadilisha sehemu ndogo ya molekuli. Walichopata kiliwaua tripanosoma kwa dozi ya miligramu 1 kwa kila kilo ya mnyama. Miaka 15 baadaye, mwaka wa 1967, Wafaransa LePecq na Paoletti wakaeleza jinsi inavyowaka ikishika DNA. Mapema miaka ya 1970 ikaanza kutumika kwenye jeli, na mmoja wa walioianzisha hapo ni Piet Borst, Mholanzi ambaye baadaye alitumia miaka mingi akichunguza tripanosoma.

Kwa daktari wa mifugo inaitwa homidiamu. Ingia duka la agroveti kando ya barabara kuu, iwe Sultan Hamud au Emali, mji jirani wenye soko kubwa la mifugo, uliza dawa ya ndorobo. Utaonyeshwa koo tatu tu. Ya manjano ni diminazini, ile ambayo wazee wanaiita Berenil hata kama pakiti ina jina lingine. Hoechst waliitoa mwaka wa 1955, nayo pia ni diamidini, binamu wa DAPI. Nyekundu iliyoiva ni homidiamu, kwa mfano Novidium. Ya tatu ni isometamidiamu, inayouzwa kama Samorin, ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiichora kwenye karatasi utaona wakemia walichofanya: walichukua kipande cha diminazini wakakiunganisha na homidiamu. Tunarudi kwa watu walewale.

Kwa hiyo kitu kimoja kina sheria mbili. Maabara, tone dogo sana linavaliwa glovu mbili na kuandikiwa kibandiko cha hatari. Bomani, dozi ya ng'ombe wa kilo 250 ni miligramu 250, na mara nyingi anayedunga ni mchungaji mwenyewe, mikono mitupu, sindano moja kwa ng'ombe kumi. Sisemi dawa isitumike. Bila hiyo ng'ombe angekufa. Nasema tuna ujuzi wa kutosha juu ya hatari yake kuuandika kwenye ukuta wa chumba chenye kiyoyozi, na ujuzi huohuo haujasafiri kilomita 110.

Dawa inayojipiga picha

Nairobi imewahi kuutumia undugu huu wa dawa na rangi kwa namna ninayoipenda. Maabara ya kimataifa ya ILRAD ilianzishwa Kabete mwaka wa 1973 kuchunguza nagana na ndigana kali. Mwaka wa 1994 iliunganishwa na taasisi nyingine kuwa ILRI. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wake walikuwa na swali: kwa nini baadhi ya tripanosoma wa ng'ombe hawafi tena kwa isometamidiamu? Badala ya kutafuta rangi ya kuwapaka, walitumia dawa yenyewe, kwa kuwa inang'ara. Walipima mng'ao ndani ya vimelea, wakaona kwamba tripanosoma sugu wanakusanya dawa kidogo kuliko wanaokufa. Hapo dawa na rangi vilikuwa kitu kimoja, na ukikitazama kwa makini kinakuambia mwenyewe kwa nini kimeshindwa.

Kuna tripanosoma ninaowaonyesha wanafunzi kila muhula, waliotiwa DAPI. Seli zetu huwa na duara moja la buluu. Tripanosoma ana mawili: kubwa la kiini, na kidoa kidogo kikali upande mmoja. Kidoa hicho ni kinetoplasti, fundo la DNA ambalo wanyama na binadamu hawana. Ethidiamu inaua kwa kuvuruga fundo hilo. Kwa kuhesabu vidoa unajua pia kimelea kiko hatua gani ya kugawanyika: kimoja na kimoja, viwili na kimoja, viwili na viwili. Rangi iliyoshindwa kumuua ndiyo inayotusaidia kuzihesabu siku zake.

Buluu ya nguo

Wakati maabara zikichagua rangi za kuona DNA, kuna watu waliokuwa wakichagua rangi ya kumdanganya mbung'o. Hao hawakuwa mbali na kwetu. Ukivuka Kajiado hadi upande wa pili, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, unafika Nguruman. Huko, miaka ya 1980, watafiti wa icipe, kituo kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Thomas Odhiambo, walitengeneza mtego unaoitwa NGU, kifupi cha Nguruman. Ni kitambaa cha buluu na cheusi, neti nyeupe, na harufu ya mkojo wa ng'ombe na asetoni. Ulikuwa wa bei nafuu kiasi kwamba Wamaasai wa hapo waliushona na kuusimamia wenyewe.

Buluu yenyewe si yoyote tu. Mbung'o haoni kama sisi; jicho lake linasoma hata urujuanimno. Vitambaa viwili vinavyofanana kwako vinaweza kuwa tofauti kabisa kwake. Pamba iliyotiwa buluu ya ftalojeni iliwavuta vizuri na kustahimili jua bila kupauka. Buluu nyingine za dukani ziliwavuta kidogo tu.

Ukiliangalia vizuri, ni somo lilelile la chumba chenye giza. Huchagui rangi kwa macho yako. Unachagua kwa jicho litakaloitazama, liwe la kigunduzi au la inzi. Unauliza mwanga gani unaingia, gani unatoka, na itadumu kwa muda gani kabla ya kupauka. Fundi wa mtego wa Nguruman na mtaalamu wa konfokali wanafanya hesabu moja. Mmoja wao tu ndiye anayeitwa mwanasayansi.

Deni

Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Ni habari kubwa, na iliyotuletea ni kazi ya miaka mingi ya mitego, upimaji na watu wa mashinani. Kwa binadamu dawa nazo zimesonga: tangu 2018 kuna fexinidazoli, vidonge vya kumeza kwa aina ya malale ya Afrika Magharibi na Kati.

Kwa ng'ombe, bado ni manjano, nyekundu, na nyekundu yenye manjano ndani yake. Dawa tatu, zote zilizotoka kabla Kenya haijapata uhuru. Usugu umeripotiwa katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo. Katika kipindi hichohicho katalogi za rangi za hadubini zimejaa hadi mamia: angavu zaidi, imara zaidi, kwa kila leza. Sababu haina siri. Maabara zenye pesa hununua rangi kila mwezi. Mchungaji wa Kasikeu hununua pakiti moja ng'ombe akianza kukonda.

Sidai kwamba rangi zirudishwe, wala kwamba tuache kuzitumia. Mimi mwenyewe nitawasha leza ya 405 kesho asubuhi. Ninachodai ni kwamba asili ihesabiwe. Biolojia ya kisasa iliipata buluu yake, chungwa yake na hata njia ya kuhesabu seli zilizokufa kwa sababu watu walikuwa wakitafuta tiba ya ugonjwa wa Busoga, Ssese, Zululand na nyika ya Tsavo. Kilichokwenda maabara kimelipa mara nyingi. Kilichobaki bomani kinazeeka. Kama kuna mahali pa haki pa kuelekeza rangi mpya, leza mpya na vijana wetu wanaojua kuzitumia, ni kwenye tripanosoma sugu wa ng'ombe.

Kwenye ukuta wa chumba chetu cha hadubini kuna jedwali la rangi. Lilikuwa na safu nne: jina, leza, mwanga unaotoka, kichujio. Nimeongeza ya tano kwa kalamu, imeandikwa "Ilitoka wapi". Mbele ya DAPI nimeandika: dawa ya mbung'o, Erlangen, 1971. Mbele ya ethidiamu: dawa ya ng'ombe, 1952, bado inauzwa Sultan Hamud. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alisimama akasoma safu hiyo yote, akaniuliza, "Mwalimu, hii ya mwisho, wanaodunga huko wanavaa glovu?" Nilimwambia aende na boksi moja akienda kwao likizo, na awaeleze sababu.